Umelalamikiwa kazini? Jinsi ya kuilinda leseni yako ya uuguzi, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wauguzi wenzangu wa huku kusini, kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba, naandika hii kwasababu watu wakilalamikiwa wanahangaika na mwajiri tu, leseni wanaisahau. Njia ziko mbili. Kuna ya mwajiri, yani mganga mfawidhi, DMO (mganga mkuu wa wilaya), mkurugenzi wa halmashauri au uongozi wa hospitali ya misheni, hao wameshika ajira yako. Afu kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga kule Dodoma, linalofanya kazi kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hao ndo wenye leseni. Metroni anaweza akakusamehe yakaishia wodini, halafu ndugu wa mgonjwa wakaandika Baraza na ukaanza upya, na Baraza likikufuta kwenye rejista hakuna hospitali itakayokuajiri kama muuguzi, iwe ya serikali au binafsi. Kwaiyo kila karatasi unayompa mwajiri iandike ukijua kuna siku Baraza linaweza kuisoma.

Kabla hujampigia mtu yeyote: usiguse faili la mgonjwa. Najua kishawishi chake jamani. Ulikuwa peke yako leba na wazazi watatu, patografu (ile chati ya kufuatilia uchungu) iko tupu kuanzia saa nane usiku mpaka saa kumi na moja, mapigo ya moyo wa mtoto yale ya kila nusu saa hayapo, na kalamu ipo mfukoni. Ukijazia leo umechukua kosa la kutoandika umeligeuza kuwa udanganyifu, na udanganyifu kuutetea ni shughuli nyingine kabisa. Na wataona tu, wino tofauti, saa haziendani na kitabu cha ripoti wala rejista ya MTUHA (vile vitabu vya takwimu za kituo), mwenzako wa zamu naye ataulizwa. Kama kweli ulipima na hukuandika, sema hivyo kwenye maelezo yako. Ikibidi iingie kwenye faili basi yawe maelezo ya nyongeza, yenye tarehe na saa ya siku unayoandika, yataje ni tukio la lini, usaini, na mfawidhi awe amekuruhusu kwanza.

Cha pili, kaa chini usiku huohuo na daftari lako mwenyewe. Andika nani alikuwa zamu, wagonjwa wangapi, nini kilikuwa kimeisha, daktari ulimpigia saa ngapi na alijibu nini (skrinshoti ya simu ulizopiga itunze, ndo ushahidi wako mkubwa). Rosta ya mwezi ule itafutie nakala mapema maana rosta zina tabia ya kupotea. Ila faili la mgonjwa usilipige picha ukaondoka nayo kwenye simu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, utajikuta na kesi ya pili. Omba nakala kwa barua.

Sasa barua ya mwajiri ya kukutaka ujieleze. Usiijibu siku ileile ukiwa na hasira, angalia mwisho wa kujibu ni lini, muda hautoshi omba kuongezewa kwa maandishi kabla haujaisha. Omba pia malalamiko yenyewe uyasome, Katiba ibara ya 13(6)(a) inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, utajibuje kitu hujakiona? Wakubwa watakwambia "we omba msamaha yaishe", na wengi wanaandika "naomba radhi kwa uzembe wangu, nilikuwa nimechoka", basi hapo umeshakiri uzembe kwa mkono wako. Eleza tukio kwa mpangilio wa saa, ulichoona, ulichofanya, uliyemwita. Usidanganye hata mstari mmoja. Kama kosa lipo kweli, kaa na wakili kwanza muone namna ya kulikubali. Ukipeleka majibu yako, baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Na huku kwetu kuna hili la wazee kusema twende nyumbani kwa watu tukayamalize. Nia yao nzuri, ila wewe uliyelalamikiwa usiende, utaonekana unawanyamazisha mashahidi. Kama tuhuma ni ya hela ndo kabisa, ukimrudishia mtu pesa kwa simu ule ujumbe wa muamala unaweza kuishia TAKUKURU. Kwenye grupu la WhatsApp la kazini napo nyamaza.

Msaada upo, chama chetu cha wauguzi TANNA, halafu vyama vya wafanyakazi TUGHE au TALGWU kutegemea unakatwa ada ya wapi, waambie siku barua inafika, usisubiri mpaka ufukuzwe. Wakili muulize kama ameshawahi kusimamia mashauri ya nidhamu. Ukiachishwa kazi sekta binafsi una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), wa serikali rufaa zao zinaenda Tume ya Utumishi wa Umma, ila zote hizo ni za ajira, za leseni unajibu Baraza.

Leseni yenyewe isiife katikati ya kesi, ihuishe kwa wakati na uendelee kukusanya pointi za mafunzo, kufanya kazi na leseni iliyoisha ni kosa lingine juu ya lile. Halafu ingia kwenye mfumo wa Baraza uangalie namba ya simu na imeili zilizomo. Wengi imeili zetu tulifunguliwa na jamaa wa steshenari tukiwa chuo, nywila anaijua yeye, sasa wito wa Baraza ukija humo utausomea wapi?