Somo: Kuchora Ziwa Kivu kwenye skrini na kugeuza boti isitoweke

Hapa Goma nimewaona vijana wengi wakianza kuchora kwa programu kisha wakakwama palepale: ramani imekaa kichwa chini, au kitu walichotaka kukizungusha kimepotea kabisa. Inaniuma, maana wengine huacha hapo wakidhani hesabu imewashinda. Twende polepole, tutumie ziwa letu.

Hatua ya 1: Kata kipande cha dunia

Tuchukue longitudo 28.8 hadi 29.4, na latitudo -2.6 hadi -1.5. Humo zinaingia Goma (29.22, -1.68) na Bukavu (28.86, -2.51). Upana ni digrii 0.6, urefu digrii 1.1. Skrini ikiwa ya pikseli 600 kwa 1100, kila digrii inapata pikseli 1000. Hiyo ndiyo k, yaani idadi ya pikseli kwa kila digrii.

Simu yenye 300 kwa 600? 300/0.6 ni 500, 600/1.1 ni kama 545. Chukua ndogo, uitumie pande zote mbili, la sivyo ziwa litavutika.

Hatua ya 2: Geuza mhimili wa y

Kwenye daftari la shule y inapanda. Kwenye skrini sifuri iko pembe ya juu kushoto, na y inashuka. Nasi tuko kusini mwa ikweta, latitudo zetu ni hasi, basi mtu anachanganyikiwa mara mbili. Pima kuanzia ukingo wa kaskazini (lon ni longitudo, lat ni latitudo, px na py ni mahali pa nukta kwenye skrini):

px = (lon - 28.8) * k
py = (-1.5 - lat) * k

Goma inaangukia (420, 180), Bukavu (60, 1010): chini kushoto, kama anavyojua kila aliyewahi kupanda boti. Fanya hesabu hii kwa kalamu kwanza. Hata umeme ukikatika, somo linaendelea.

Hatua ya 3: Boti

Chora boti kwenye mihimili yake yenyewe, kitovu kikiwa (0, 0): pua (0, -12), pembe za nyuma (-7, 9) na (7, 9). Kisha izungushe kwa pembe a:

x2 = x*cos(a) - y*sin(a)
y2 = x*sin(a) + y*cos(a)

Pembe iwe kwa radiani: digrii mara 3.14159, gawa kwa 180. Kwa kuwa y inashuka, pembe chanya inageuza kufuata mshale wa saa. Pua ikitazama Bukavu kutoka Goma moja kwa moja, pembe ni digrii 203 hivi. Ukimaliza kuzungusha, ndipo uongeze 420 kwenye x2 na 180 kwenye y2.

Ukizoea, yote haya yanaingia kwenye matrisi (jedwali la namba) moja ya 3 kwa 3. Ukiiandika nukta kama safuwima upande wa kulia, matrisi iliyo jirani nayo ndiyo inayotangulia kufanya kazi.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi, Birere:* Aksanti mwalimu. Mimi nikigeuza boti digrii 90 inatoka nje ya ramani. Kwa nini?

Umehamisha kabla ya kuzungusha, mdogo wangu. Boti yote imezunguka pembe ya skrini: (420, 180) imekuwa (-180, 420), nje upande wa kushoto. Irudishe kwenye (0, 0), izungushe, kisha uipeleke mahali pake.

*Dada wa Bukavu:* Yangu inabaki mahali pake lakini inabanwa mpaka inakuwa mstari.

Dada, tazama kama umeandika x = x*cos(a) - y*sin(a), halafu ukatumia x hiyohiyo mpya kupata y. Nukta (10, 0) kwa digrii 90 ilitakiwa iwe (0, 10). Kwa kosa hilo inakuwa (0, 0). Tumia x2 na y2. Kosa hili lilinila siku nzima nilipoanza.

*Mwanachama, Himbi:* Yaya, naweza kuchora Bruxelles kwa njia hii?

Si hivihivi. Kwetu digrii ya longitudo na ya latitudo zote ni kama kilomita 111, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Bruxelles, kwenye latitudo 50.85, digrii ya longitudo ni kama kilomita 70 tu. Zidisha tofauti ya longitudo kwa kosini ya latitudo, karibu 0.63, kabla ya kuzidisha kwa k.

*Mwanafunzi, Birere:* Na mtu akigusa skrini, nitajuaje amegusa wapi ziwani?

Rudi nyuma: lon = 28.8 + px/k, lat = -1.5 - py/k. Jaribu kwa (60, 1010). Ukipata Bukavu, umefaulu.