Gurudumu la rangi na kijani cha magugu ya Dunga

Wengi hapa Kisumu wakitaka kuchora yale magugu ya ziwa pale Dunga wananunua bluu yoyote na yelo yoyote, halafu kijani inatoka kama matope, wanadhani mkono ndio mbaya kumbe ni pigmenti, ule unga unaoipa rangi rangi yake. Shika gurudumu la rangi, ule mduara unaopanga rangi zote kwa zamu, uangalie kila bluu imeegemea upande gani. Ultramarini, ile imeandikwa PB29 kwa tyubu (hiyo ni namba ya pigmenti), imeegemea zambarau, yaani iko na wekundu ndani, na wekundu ndio unaua kijani. Thalo bluu, PB15:3, imeegemea kijani tayari, ichanganye na yelo ya ndimu PY3 utapata kijani kali kama jani changa bado lina maji. Lakini thalo weka kidogo sana, ncha ya brashi tu, manake inameza kila kitu. Ikizidi ukali usikimbilie nyeusi, vuka gurudumu mpaka upande wa pili, hapo kuna nyekundu, tia tone moja uone vile inatulia. Na ultramarini usiitupe jamani, hiyo ndiyo ya kivuli na maji ya jioni. Dukani soma hizo namba, jina la mbele ya tyubu linadanganya.