Mfuniko wa tangi la pikipiki ukigoma: tafuta kosa kabla ya kununua mwingine

Kiangazi cha Dodoma hakisamehe kitu chenye tundu. Pikipiki inayopiga tripu kati ya stendi ya Nzuguni na mjini, au inayokwenda Mvumi na kurudi kila siku, inakula vumbi tangu Mei hadi Novemba, na sehemu inayolila bila mtu kujali ni mfuniko wa tangi. Wengi wetu tunaweka petroli ya kuungaunga, kwa hiyo mfuniko unafunguliwa mara mbili tatu kwa siku. Kwanza ufunguo unaanza kuingia nusu. Baadaye unaingia lakini haugeuki. Mwisho unakatikia ndani, abiria yuko kwenye siti na walio nyuma kwenye foleni ya sheli wanapiga honi.

Wengi wakifika hapo hulaumu kitasa na kukimbilia duka la spea. Mara nyingi kitasa hakina kosa. Mpira umevimba, au mdomo wa tangi umepinda, na kitasa kimebebeshwa mzigo usio wake.

Fanya kipimo hiki kwanza. Fungua mfuniko, kisha ukiwa wazi ingiza ufunguo na uugeuze hewani, mfuniko haujagusa kitu. Ukigeuka laini, na ulimi wa kitasa ukaingia na kurudi wenyewe, kitasa ni kizima: kosa liko kwenye mpira au kwenye mdomo wa tangi. Ukiwa mgumu hata hewani, kosa ni la kitasa. Na kama unageuka pale tu unapouvuta nje kidogo, kama milimita moja, basi ufunguo wenyewe umelika. Ugonjwa huo wa tatu ndio wa bei rahisi kuliko yote, na ndio watu huusahau.

Kama haufunguki kabisa

Ufunguo si mpini. Kazi yake ni kupanga vibati vidogo vilivyomo ndani ya kitasa. Nguvu ya kuachia mfuniko lazima itoke kwingine. Weka kiganja cha kushoto juu ya mfuniko, ukandamize kwa uzito wa bega, halafu geuza ufunguo kwa vidole viwili tu. Mpira ukivimba huusukuma mfuniko juu, na ulimi unabanwa kwa nguvu chini ya ukingo wa mdomo. Ukikandamiza, ule ubano unaisha na ulimi unapata nafasi ya kurudi. Mifuniko mingi inayoitwa "imekufa" hufunguka hapo hapo.

Usishike ufunguo kwa koleo. Funguo nyingi za pikipiki ni za shaba laini. Mkono wako utahisi zinapopinda, koleo haihisi. Ukiwa hujafanikiwa kwa kiganja, puliza upepo kwenye tundu la ufunguo kwa kompresa ya fundi pancha, ingiza ufunguo na kuutoa mara kumi bila kuugeuza, ndipo ujaribu tena.

Kusafisha kitasa

Kazi hii ifanyike nje, kivulini, mbali na jiko la mama ntilie na mbali na anayechomelea. Injini iwe imepoa.

Mfuniko wa duara unaotoka mzima hauna shida, unao mkononi. Ule wa kulala, wenye bawaba, umefungwa kwa boliti kwenye pete yake. Usishtuke kuona boliti nyingi zimezunguka pete. Baadhi ni pambo tu, hazishiki chochote. Za kweli mara nyingi ni tatu au nne, zinafunguliwa kwa spana ya elen ya milimita 3 au 4, na moja hujificha chini ya mfuniko, kwa hiyo lazima ufungue kwa ufunguo kwanza. Kabla hujalegeza hata moja, ziba mdomo wa tangi kwa kitambaa kikubwa ambacho mkia wake unaning'inia nje. Boliti ikidondoka ndani ya tangi, kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima.

Toa mpira. Weka mfuniko kwenye kopo lenye petroli kiasi cha kufunika kitasa, uache dakika kumi hadi kumi na tano. Utaona tope jekundu likishuka chini ya kopo: ni vumbi la barabara lililogandana na oili ambayo mtu aliwahi kupaka akidhani anasaidia. Ingiza na kutoa ufunguo mara ishirini ukiwa bado umelowa, mwaga, rudia kwa petroli safi, kisha puliza upepo kupitia tundu la ufunguo na kupitia upande wa ulimi. Mafuta ya taa nayo yanasafisha, lakini yanaacha utando unaonasa vumbi, kwa hiyo ukiyatumia malizia kwa petroli.

Usifungue sahani ya chini inayoshikilia kitasa kama hujatandika kitambaa cheupe. Ndani mna springi, na kwenye baadhi ya mifuniko kuna gololi ndogo kuliko punje ya uwele. Vikiruka kwenye changarawe za kijiweni hutaviona tena.

Sasa ulainishe. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Oili ya injini, grisi na mafuta ya kula vinafanya kazi vizuri kwa wiki moja, halafu vinakusanya vumbi na kuwa udongo wa kufinyangia. Dawa ya kupuliza ya kopo inafaa kuoshea, lakini si ya kuacha ndani. Kitasa cha Dodoma kinataka kilainishi kikavu. Chukua penseli ya kawaida, chonga ile risasi yake nyeusi kwa wembe mpaka upate unga wa kujaa ncha ya kijiko, upake kwenye mifereji ya ufunguo, kisha ingiza na kutoa mara kumi. Futa ufunguo, rudia mara moja. Ndani ya kiangazi, kila baada ya miezi miwili mitatu inatosha.

Kama ufunguo umelika, usimpelekee mchonga funguo huo huo. Atakuchongea nakala ya ulemavu. Peleka ule wa akiba uliokaa kabatini tangu pikipiki inunuliwe. Meno yake bado yana pembe.

Mpira

Mpira mzima umelala bapa na unashikwa na mfereji wake pande zote. Uliovimba una mawimbi, umetoka nje ya mfereji, au ukiubonyeza kwa ukucha alama inabaki. Ukiutoa na kuuacha kivulini usiku kucha, petroli iliyomo itatoka na mpira utasinyaa kidogo. Utakufikisha hadi siku ya kununua mwingine, lakini ukikauka hivyo huwa mgumu, na mpira mgumu unavujisha.

Kukata mpira kutoka kwenye tyubu ya gurudumu ni ufundi wa kila kijiwe, na ndio unaoua mifuniko. Mpira wa tyubu haukutengenezwa kukaa na petroli. Unaivuta, unanenepa, unausukuma mfuniko juu, na tumerudi kwenye ufunguo kukatika. Gundi ya silikoni ndiyo mbaya zaidi: petroli inaimenya vipande vipande, na vipande vinashuka kwenye kabureta.

Tafuta mpira wa kuhimili mafuta, ule wanaokatia gasketi. Huna uhakika kama aliyekuuzia amekupa wenyewe? Kata vipande viwili vinavyolingana, kimoja kitumbukize kwenye kichupa cha glasi chenye petroli, ukifunge usiku kucha. Asubuhi vilinganishe. Kilichozama kikiwa kimekuwa kikubwa kwa macho tu, bila hata kupima, mpira huo hapana.

Unene ufuate mpira wa zamani, upimwe pale ambapo haujavimba. Milimita moja ya ziada inatosha kuufanya mfuniko ugome upya. Ukikata, anza na duara la ndani. Ukianza na la nje hutakuwa na pa kushikia, na duara la ndani litatoka yai.

Kama mpira ni mzuri na bado mfuniko ni mgumu, angalia mdomo. Pikipiki ikianguka, au mtu akiwahi kuuchokonoa mfuniko kwa bisibisi, ukingo hupinda. Weka mfuniko bila mpira uone kama unayumba. Ukwaruzo mdogo unaondoka kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kwenye kipande bapa cha ubao, tangi likiwa limezibwa kwa kitambaa chenye unyevu. Bonde kubwa mwachie fundi wa bodi.

Tundu la hewa

Petroli ikishuka kwenye kabureta, hewa lazima iingie kwenye tangi kuchukua nafasi yake. Inaingilia kwenye mfuniko. Tundu lile likizibwa na vumbi, pikipiki inakwenda kilomita kadhaa, inaanza kukosa nguvu, inakata moto. Unafungua mfuniko, unasikia "fsss", unafunga, inawaka na kwenda tena. Watu wamebadilisha plagi, koili, hata kabureta nzima kwa ugonjwa huu. Tena ule mvuto wa ndani huung'ang'ania mfuniko, ukadhani ni kitasa tena.

Tundu liko upande wa chini wa mfuniko, dogo, na njia yake ina kona. Chukua uzi mmoja wa waya wa klachi, uupitishe taratibu, kisha puliza upepo. Usilipanue kwa msumari: tundu kubwa linarusha petroli nje kila ukipita kwenye tuta.

Na ule ujanja wa kuweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko ili usivuje? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini nailoni za vifungashio bado zimo kwenye matangi. Zinazuia kuvuja kweli, na zinaziba hewa pia.

Mrija wa maji

Mfuniko wa kulala una kitundu kingine ambacho wengi hawakijui, kwenye kibonde cha nje kinachozunguka mdomo. Kinashuka kwa mrija mwembamba hadi chini ya tangi, kazi yake ni kumwaga maji ya mvua. Miezi saba ya vumbi inakiziba kimya kimya. Mvua za kwanza zikipiga Desemba, maji yanajaa kwenye kibonde, na ukifungua mfuniko yanaingia tangini.

Kwa hiyo Novemba, kabla ya mawingu, mimina kijiko kimoja cha maji kwenye kitundu hicho na uinamie chini ya tangi. Yakidondoka, safi. Yakisimama, pitisha uzi wa kuvulia samaki wa nailoni. Waya usiutumie, kwani mrija ule ni mwembamba na unapita ndani ya tangi, na ukiutoboa petroli itaanza kutokea huko.

Kama maji yameshaingia, fungua koki ya petroli iliyo chini ya tangi, toa petroli kwenye chupa inayoonyesha, uiache itulie. Petroli ni nyepesi, itakaa juu. Maji yatajipanga chini kama mstari. Endelea kutoa mpaka mstari usionekane, kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta ulimwage nalo.

Ukilazimika kununua

Nenda na mfuniko wa zamani mkononi, si jina la pikipiki mdomoni. Linganisha kipenyo, idadi ya masikio (vile vipande vinavyojitokeza kushika ukingo wa mdomo) na umbali wake kutoka kwenye mpira. Kwa ule wa kulala, linganisha nafasi za boliti. Kisha jaribu hewa dukani hapo hapo: mfuniko mpya ni msafi, weka mdomo kwenye tundu la upande wa chini uvute. Hewa isipokuja, rudisha. Ipo mifuniko inayouzwa ikiwa na alama ya tundu bila tundu lenyewe.

Kumbuka pia kwamba mfuniko peke yake unakuja na ufunguo wake, utatembea na funguo mbili. Asiyetaka hilo anunue seti ya swichi ya kuwashia pamoja na mfuniko.

Ufunguo ukiwa umekatikia ndani, usigeuze chochote. Hakikisha silinda ya kitasa, ile sehemu inayogeuka na ufunguo, iko pale pale ambapo ufunguo huingia, kisha teremsha blade nyembamba ya msumeno, meno yakiangalia nje, kando ya kipande, ukivute. Kutoboa kwa drili ndiyo njia ya mwisho kabisa. Tangi lishushwe, petroli itolewe, kisha lijazwe maji kupitia kwenye koki mpaka yafike mdomoni. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Kazi hiyo apewe fundi aliyewahi kuifanya.

Kupima kazi yako

Weka petroli, lakini acha nafasi ya vidole viwili chini ya mdomo. Petroli huvimba kama asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto, na tangi la lita 11 lililojazwa alfajiri likisimama juani mchana linaweza kutafuta nafasi ya robo lita. Lisipoipata, petroli itatoka kwenye mfuniko, nawe utalaumu mpira mpya.

Laza pikipiki kwenye stendi ya pembeni, zungushia mfuniko karatasi ya chooni, subiri dakika kumi. Doa likitokea upande mmoja tu, legeza boliti zote za pete, sawazisha mpira, kaza upya kwa kuvuka, moja huku na ya pili ng'ambo yake, kidogo kidogo. Likitokea pande zote, mpira ni mwembamba mno.