Namna ya Kumhudumia Rafiki Mgonjwa: Mafunzo kutoka kwa Wanawake Wanne wa Miami

Rafiki anapokueleza maradhi yake, jambo la kwanza analolihitaji ni kuaminiwa. Hilo linaonekana wazi katika The Golden Girls, tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC kuanzia mwaka 1985 hadi 1992, inayowahusu Dorothy, Rose, Blanche na Sophia, mama yake Dorothy, wanaoishi nyumba moja mjini Miami. Urafiki wao umepambwa kupita kiasi, maana magomvi mengi humalizika ndani ya nusu saa. Hata hivyo, wanayotendeana yanaweza kutendwa na mtu yeyote.

Mwaka 1989, katika kisa cha sehemu mbili kilichoandikwa na Susan Harris, mwanzilishi wa tamthilia hiyo ambaye mwenyewe aliwahi kuugua uchovu usiokwisha, Dorothy anadhoofika kwa uchovu wa namna hiyo, nao madaktari wanamwambia kwamba hana ugonjwa. Rose anafunga safari naye hadi New York kumwona daktari mwingine. Nawe fanya vivyo hivyo. Usimwambie mgonjwa kwamba ni mawazo tu. Muulize maumivu yalianza lini na huzidi wakati gani, kisha uyaandike. Akiridhia, ingia naye kwa daktari, umwache ajieleze mwenyewe, nawe umkumbushe aliyoyasahau na uandike majina ya dawa pamoja na tarehe ya kurudi.

Kisa cha mwaka 1990 ni kigumu zaidi, na kwa maoni yangu ndicho chenye mafunzo mengi. Rose anapata barua ya hospitali kwamba huenda damu aliyoongezewa ilikuwa na virusi vya UKIMWI, na majibu ya kipimo yatachukua saa 72. Sophia, kwa hofu, anatia herufi R kwenye vikombe vya Rose. Blanche, kwa upande wake, anamweleza kwamba yeye pia aliwahi kupima, na kwamba UKIMWI si adhabu ya Mungu kwa wenye dhambi. Kabla hujamtengea mtu chombo, jifunze kwanza ugonjwa wake unavyoambukizwa: virusi hivyo haviambukizwi kwa kikombe, lakini kikombe kilichotiwa alama humwambia mgonjwa kwamba ameshatengwa. Katika siku za kusubiri majibu, lala kwake ikiwezekana, mpike pamoja, na umwache alizungumzie jambo lile lile mara nyingi kadiri apendavyo.

Televisheni haionyeshi nauli, ruhusa ya kazini wala wiki ya tatu, ambapo wageni wamepungua na mgonjwa bado hajapona. Hapo ndipo mpango unapohitajika. Badala ya kusema, “Ukihitaji chochote niambie,” sema, “Jumanne jioni nitaleta chakula, ungependa nini?” Gawaneni siku na marafiki wengine, mmoja ashike zamu za hospitali, mwingine watoto na sokoni, na michango ya fedha ikabidhiwe mtu mmoja anayeaminika ambaye ataeleza matumizi yake. Anayekesha na mgonjwa apokewe zamu kabla hajaomba kupumzika, kwa sababu wengi huona haya kusema kwamba wamechoka, na aliyechoka mno huanza kumjibu mgonjwa kwa ukali.