Una wasiwasi na dekea ya mtoto? Soma hii kabla hujaenda kugombana

Mwanangu alipokuwa na mwaka na nusu nilikua namuacha dekea moja hapa Malindi, nyumba ya kulelea watoto mchana, jina silitaji. Kila jioni namchukua kalala fofofo, mpaka kwenye tuktuk haamki, nami najiambia ni joto la kaskazi hili. Kumbe watoto walikua wakinyweshwa dawa ya mafua ile ya kusinzisha ndo watulie. Nilienda nikapiga kelele mlangoni asubuhi mbele ya watu, wakakana wote, na mimi sikua nimeandika hata siku moja wala tarehe.

Kwa hivyo andika kwanza. Siku, saa, na ulichokiona. Mtoto akirudi na pampasi imevimba, kesho ile utakayomvika asubuhi itie alama ya peni kwa nyuma, ikirudi jioni ile ile na alama yake basi huna haja ya kubishana na mtu. Na usimuulize mtoto "mwalimu amekupiga eh?" maana atasema ndio tu akufurahishe, muulize leo mlifanya nini, muachie aongee.

Halafu ingia bila kuwaambia, saa tano hivi au saa nane wakiwa wamelala. Angalia wako wangapi kwa dada mmoja, jiko la makaa liko wapi, kisima na pipa vina vifuniko? Hata ndoo usiidharau, mtoto mdogo akitumbukia kichwa hawezi kujitoa na maji yenyewe ni kidogo tu. Angalia pia nani mwengine anaingia mle ndani, maana dekea nyingi ni nyumba za watu na kuna makaka na wageni. Ukizuiwa mlangoni, ushapata jibu.

Kuongea, usiongee asubuhi kila mtu ana haraka. Ngoja jioni watoto wakishaondoka, "Shikamoo bi, jumatatu na jumatano mtoto karudi na pampasi niloivika mimi na zengine zimo mkobani, ilikuaje?" kisha nyamaza, usimjazie maneno. Mkikubaliana mtumie meseji mlichokubaliana ibaki kwenye simu. Mpe wiki moja. Wazazi wengine pia waulize, mara nyingi kila mtu analo lake kalificha.

Uchafu na maji mabaya mpelekee afisa wa afya ya umma, kupigwa au kutelekezwa nenda ofisi ya watoto ama piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto hapa Kenya, ni bure.

Lakini ukishuku mtoto kaguswa vibaya, hapo hakuna kumpa mtu wiki. Usimuogeshe, usimbadilishe nguo, nenda hospitali saa hiyo hiyo kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi lazima ianze kabla ya masaa 72 tangu aguswe, polisi mtaenda mkitoka huko. Watakuja wazee wakwambie tuyamalize nyumbani tusiaibishane, waambie daktari anangoja, pandeni tuktuk muende.