Je, Kompyuta ya Zamani Ibadilishiwe Mfumo Endeshi?

Kabla ya kuangalia umri wa kompyuta, angalia kama mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoiendesha, kama vile Windows, bado unapokea masasisho ya usalama. Windows 10 ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kufika Oktoba 2026. Kompyuta iliyoachwa bila masasisho huendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mianya inayogunduliwa baadaye haizibwi na mwenye kuitumia haoni dalili yoyote. Kama haiunganishwi kamwe na intaneti, iache ilivyo.

Kama inaunganishwa, pima uwezo wake. Windows 11 inadai RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, diski ya GB 64, prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter, na dirisha litakalofunguka litakuonyesha toleo ulilonalo. Likisema chipu haikupatikana, usikate tamaa mapema, kwani mara nyingi imezimwa tu katika mipangilio ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Njia za kukwepa masharti haya zipo, lakini sizipendekezi: Microsoft haimhakikishii masasisho mwenye kuzitumia, ilhali masasisho ndiyo yanayotafutwa.

Wengi hutaka mfumo mpya kwa sababu kompyuta imekuwa nzito, na hilo ni suala jingine kabisa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya Disk. Ikiwa inagota asilimia 100 mara kwa mara wakati hufanyi kazi yoyote kubwa, na diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, kuweka SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, kutakufaa kuliko mfumo wowote mpya.

Kompyuta isiyotimiza masharti inaweza kupewa Linux Mint, mfumo endeshi mwingine ambao ni wa bure na huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ili ujaribu kwanza Wi-Fi, sauti na printa.

Vyovyote utakavyoamua, nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje, kisha ufungue chache kati yake katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba zinasomeka.