Kabla ya Kuuliza Lita, Uliza Kiwele cha Mama Yake

Ukija kununua mtamba kwangu hapa Tukuyu, swali lako nalijua: mama yake anatoa lita ngapi? Wanunuzi wote huanzia hapo, na wengi huishia hapo. Mimi nikienda kununua nauliza kwanza kama mama yake amewahi kuugua kiwele, robo ipi (kila chuchu ina robo yake ya kiwele), katika uzao wa ngapi, na kama ugonjwa ulirudi baada ya dawa. Mwenye ng'ombe akianza kujikanyaga, naaga.

Asubuhi napokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kwa hiyo naona ya wengi. Kuna mabanda mawili yamepakana, yanalishwa matete na gwatemala ya kingo moja, tope la mvua zetu ni lile lile, na mkamuaji ni kijana mmoja. Ng'ombe wa banda hili anaumwa kiwele kila akizaa, na wa banda la pili hana habari. Usafi hauwezi kueleza yote hayo. Sehemu fulani imo katika nasaba.

Bakteria akipenya tundu la chuchu, mwili unapaswa umtambue, kisha upeleke chembe nyeupe za damu haraka. Jeni iitwayo TLR4 hutengeneza kitambuzi cha bakteria wa jamii ya E. koli. CXCR1 hutengeneza kipokezi kinachoziongoza chembe nyeupe hadi penye maambukizi. Nyingine, BoLA-DRB3, iko kwenye kromosomu ya 23 na ina aina mamia; ndiyo inayochangia kuamua ni vipande gani vya kimelea vitaonyeshwa kwa kinga ili vishambuliwe. Ng'ombe wawili wa Friesian wanaofanana kwa madoa wanaweza kutofautiana sana hapo. Lakini hakuna jeni moja inayomaliza kazi, na aina ya jeni inayosaidia mbari moja ya ng'ombe si lazima isaidie nyingine. Mtu akikuuzia "ng'ombe mwenye jeni ya kutougua", funga pochi.

Maziwa yanaharibikaje? Maziwa ya robo yenye afya huwa na chembe hizo chini ya 200,000 kwa mililita. Zikizidi hapo, mara nyingi kuna maambukizi hata kama kiwele hakijavimba. Ulaya wameweka kikomo cha 400,000. Maziwa ya namna hiyo yana kasini, ile protini inayogandisha jibini, iliyokatwakatwa na vimeng'enya, sukari yake imeshuka na chumvi imepanda. Mtindi unakuwa mwepesi, jibini linatoka kidogo, na mafuta yakivunjika harufu inakuwa kali. Laktomita yangu ya kituoni inakamata maji uliyoongeza. Spiriti inakamata maziwa yanayoanza kukatika. Hakuna hata kimoja kinachohesabu chembe, kwa hiyo kupita kituoni siyo cheti cha kiwele kizima.

Pima mwenyewe kila mwezi. Maduka ya dawa za mifugo huwa na sahani ya vikombe vinne na dawa yake. Ukikosa, changanya gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia na lita 1 ya maji safi. Tupa mikamuo ya kwanza, kisha kamulia kila robo kwenye kikombe chake, weka dawa au sabuni kiasi sawa na maziwa, zungusha taratibu. Yakibaki majimaji, vizuri. Yakifanya uteute, chembe ni nyingi. Uteute huo, kwa taarifa yako, ni vinasaba vya chembe nyeupe zenyewe vimemwagika baada ya sabuni kupasua kuta zake. Mimi huwa nawaonyesha wajukuu. Mwaga ulichopima mbali na banda. Usimhukumu ng'ombe kwa kipimo cha wiki ya kwanza baada ya kuzaa wala cha siku za kukaushwa, yaani kuachishwa kukamuliwa, maana chembe hupanda hata bila ugonjwa.

Andika. Jina la ng'ombe, tarehe, robo iliyofanya uteute, uzao wa ngapi, namba ya dume aliyemzaa. Baada ya mizao kadhaa daftari litakuonyesha ukoo unaosumbua na ukoo uliotulia. Kama uko kwenye kopa ng'ombe lipa ng'ombe, tafadhali mtamba wa kulipa usiwe yule wa ukoo unaokushinda.

Kwenye mbegu ndipo watu huchanganyikiwa. Mhimilishaji wetu, anayepandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, kijana mwema, huniambia, "Mama, dume huyu ana lita!" Namjibu, "Mwanangu, nionyeshe kiwele." Karatasi za madume hazisomwi sawa. Za Marekani zina SCS, alama ya wingi wa chembe kwenye maziwa, na wastani uko karibu na 3: dume wa chini ya hapo ndiye mzuri. Za Uingereza, alama ya kutoa kwenye SCC, yaani idadi ya chembe, ndiyo nzuri. Za nchi za Skandinavia afya ya kiwele ina wastani wa 100, na hapo unataka namba kubwa. Tazama na umbo, kiwele kisining'inie chini ya kifundo cha mguu wa nyuma. Dume aliyechaguliwa kwa lita tupu huelekea kuleta na ugonjwa wa kiwele.

Ila usitegemee miujiza. Katika tofauti za idadi ya chembe kati ya ng'ombe na ng'ombe, urithi unachukua karibu asilimia 10 hadi 15. Nyingine ni mikono, sakafu na umri. Norwei waliingiza ugonjwa wa kiwele katika uchaguzi wa madume mwaka 1978, na faida waliijenga kizazi kwa kizazi. Kwa hiyo endelea kunawa, kukausha chuchu kwa kitambaa cha kila ng'ombe, na kumkamua mgonjwa baada ya wengine wote.

Usimpandishe mtamba kwa baba yake au ndugu yake, hata kama dume la jirani ni la bure. Ndama wa hivyo ana uwezekano mkubwa wa kupata nakala mbili zinazofanana za BoLA, na kinga yake inatambua vimelea vya aina chache zaidi. Ndiyo maana mhimilishaji akimaliza kazi naomba ule mrija wa mbegu uliotumika, nanakili namba ya dume iliyochapwa ubavuni, halafu ndipo autupe.